Ndimu Kwenye Shira ya Posa

Jamani, hili nimelificha sana, na hata leo nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana mtu akiniuliza aibu ni nini mimi simtajii kuteleza sokoni wala kukosea jina la marehemu msibani, mimi namtajia visheti, visheti vya posa ya mdogo wangu Tatu, nyumbani kwetu Kilwa Masoko, mbele ya wageni waliotoka Rutamba wamevaa kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinasimama. Shira ya visheti hivyo niliipika mimi, kwa mkono wangu huu. Hakuna wa kumsingizia.

Kwanza mjue kazi yangu, bila hiyo mkasa huu hauna kichwa wala miguu. Niko chuo kikuu Dar es Salaam, nasomea uzamivu, na ninachosoma mama huwaeleza majirani kwa kifupi: "Zena anasoma vitu visivyoonekana." Hajakosea. Nachunguza nyuzi nyembamba mno (unywele wako ukiulaza kando ya uzi mmoja wa hizo ni kama umelaza gogo la mnazi kando ya sindano), nyuzi zilizotengenezwa kwa vile vitu vinavyopitisha umeme nusunusu ambavyo simu yako imejaa ndani yake. Uzi una kiini katikati, halafu juu ya kiini linaota ganda, atomu moja moja, linanenepa taratibu, na ukiukata ukautazama kwa mbele unakuta umbo la pembe sita, safi kabisa, utadhani nyuki ndiye fundi. Mimi siziotishi nyuzi hizo, wenzangu wa nchi za mbali wenye mitambo ndio wanaoziotesha. Mimi naandika programu ya kompyuta inayoigiza ganda linavyoota na kubashiri atomu gani itakaa wapi.

Na hapo ndipo nilipokuwa nimekwama. Ganda lile lina atomu za aina mbili zinazogombania nafasi, moja nitaiita mvivu, ikitua imetua, nyingine nitaiita mtembezi, hiyo haitulii, inazurura mpaka ipate mahali panapoipendeza. Picha za wenzangu zilionyesha kwamba kwenye kila pembe kuna mstari ambao wavivu wamejazana kuliko kwingineko kote. Programu yangu ilionyesha ganda lililo sawa kote, hakuna mstari wala dalili ya mstari. Mwalimu anayenisimamia akatazama, akakuna kidevu, akaniuliza, "Zena, pembe zako zinafanya nini?" Nikapanda basi kurudi nyumbani kwenye posa na swali hilo kichwani, nalala nalo, naamka nalo, hata abiria wa kiti cha pembeni aliponiuliza nashukia wapi nilimtazama kwanza kama ndiye mwenye jibu.

Sasa posa yenyewe. Tatu ndiye kitindamimba wetu, na alikuwa amempenda Yusufu, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole ambaye kwao ni Rutamba, watu wa mashamba ya korosho. Yusufu alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanahamisi, na huyo ndiye aliyekuwa mlima wa kuupanda. Bi Mwanahamisi alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba mwanamke wa pwani hawezi shamba, atakaa na mwanawe msimu mmoja, auone umekuwa mrefu, arudi kwao. Ilichukua muda mrefu wa kubembelezwa mpaka akakubali kuja kumwona Tatu kwa macho yake. Tatu alijua, na sote tulijua, kwamba shangazi akiondoka hajaridhika basi Yusufu hataoa, maana si mtu wa kumpinga aliyemlea.

Na katika ukoo wetu kuna ada. Siku ya posa mwali ndiye anayepika visheti, vinapangwa kwenye sinia, vinafunikwa kawa lililosukwa kwa ukili, na kisheti cha kwanza ni cha shangazi wa mwanamume. Akishakila anatamka neno moja tu, "Kitamu," na neno hilo likishatoka ndipo wazee wao wanaruhusiwa kusema kilichowaleta. Lisipotoka mtazungumzia mvua na korosho mpaka magharibi. (Mimi ada hii nilikuwa naiona kama mchezo, nikisema moyoni kisheti na ndoa wapi na wapi. Nimejifunza.)

Asubuhi hiyo Tatu alikanda unga mwenyewe, akaukata, akavikaanga visheti vikatoka vizuri, vina pembe kali kama anavyopenda mama. Ikabaki shira. Simu ikalia, mama akapokea, akageuka uso umembadilika. "Wamefika Nangurukuru!" Hapo nyumba nzima ikachanganyikiwa, mmoja anafagia uani, mwingine anatandika mkeka, na Tatu hajaoga, ana unga mpaka kwenye nyusi.

"Dada," akaniambia, "nimalizie shira tu, nakuomba. Unaiweza?"

"Mimi? Nina digrii mbili, nishindwe na sukari?"

Akacheka, akanikumbatia na unga wake, akakimbia kuoga. Nawaomba mkumbuke kwamba alicheka, kwa sababu hakucheka tena siku hiyo.

Shira ya visheti kila mtu wa kwetu anaijua. Unachemsha sukari na maji na iliki mpaka ivute uzi, unatia rangi kidogo ukipenda (mama anapenda nyekundu), unamimina visheti, halafu unageuza, unageuza, hupumziki, mpaka sukari igande juu yake ikauke iwe na unga mweupe. Nikaanza na vichache, nione mkono wangu ukoje. Nikageuza, vikakauka, vikatoka visheti vya kweli vya Kiislamu. Ningeendelea hivyo leo hii nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini nikakiokota kimoja kukionja, na kabla hakijafika mdomoni nikaona kitu. Kwenye ubapa wa kisheti sukari ilikuwa nyeupe yenye wekundu wa mbali tu, ila pembeni, pale ubapa mmoja unapokutana na mwingine, wekundu ulikuwa umekolea. Mstari mwekundu. Nikakigeuza, upande wa pili vilevile. Nikashika kingine, vilevile. Jamani! Hapa nina kiini, hapa nina ganda linaloota juu ya kiini, hapa nina vitu viwili ndani ya ganda, sukari na rangi, na kimoja kinakimbilia pembeni! Swali langu la Dar es Salaam lilikuwa limenifuata mpaka jikoni kwa mama, limekaa kwenye sufuria.

Najua, sukari na atomu si ndugu, kinachosukuma rangi sicho kinachosukuma atomu, wala sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilichotaka ni kutazama tu. Tatizo ni kwamba sukari ikiganda kwa kugeuzwa inaganda haraka, inakuwa nyeupe, inaficha kila kitu. Nikawaza, laiti ingeganda polepole ikabaki angavu, ningeona rangi inakwendaje. Na papo hapo nikakumbuka shira ya kaimati, ile inayobaki laini inang'aa siku nzima, kwa nini haigandi? Kwa sababu inatiwa ndimu.

Ndimu zilikuwa kwenye kikapu, karibu na mguu wangu.

Nikakamua moja. (Basi, moja na nusu.) Nikaacha kugeuza kabisa, nikavipanga visheti kwenye sinia na kuimimina shira juu yake kwa upawa, polepole, tabaka baada ya tabaka, kama nilivyoiandikia programu yangu, nikiwa nimechuchumaa, pua karibu kuungua, nina furaha ambayo sijui kama nilikuwa nayo hata siku ya mahafali. Na vilipendeza, wallahi! Vilikuwa vinang'aa kama vioo, na kwenye kila pembe kuna uzi mwekundu. Mama akapita mbio, kilemba hakijakaa sawa, akasimama.

"Mbona vinang'aa hivi?"

"Ndiyo vya kisasa, mama."

"Havijaganda hivi."

"Vitaganda vikipoa." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma, na mama, kwa kuwa mtoto wake amesoma, akaniamini. Hilo linaniuma mpaka leo. Akachukua vile vyangu vya mwanzo vilivyokauka akavigawa kwa watoto wa jirani waliokuwa wanasumbua mlangoni, akarundika hivi vingine katikati ya sinia mpaka vikafanya kichuguu, bado vya moto, akavifunika kawa, akalishindilia ili nzi wasipate njia.

Wageni wakafika. Wazee wawili, na wanawake wawili, Bi Mwanahamisi na shemeji yake mmoja mwenye macho yasiyotulia. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa, wakaketi kwenye mikeka ukumbini, baba mkubwa wetu akiwa ndiye msemaji wa nyumba. Bi Mwanahamisi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mgongo umenyooka, hatabasamu wala hanuni, anatazama tu. Mimi na Tatu tulikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, kwa sababu mwali haonekani mpaka posa ipokewe, na Tatu alikuwa amenishika mkono ananifinya mpaka kucha zinaniingia.

"Vimetoka vizuri?" akanong'ona.

"Utaona," nikamwambia.

Mama akaleta sinia, akaliweka mbele ya shangazi. Baba mkubwa, ambaye anapenda mambo yafanyike kwa heshima, akasema bismillahi, akalishika kawa kwa mikono miwili, akalinyanyua juu.

Sinia lilikuwa tupu.

Sikuelewa. Ukumbi mzima haukuelewa. Wageni wametoka Rutamba, wameketi, wamefunuliwa sinia lisilo na kitu isipokuwa duara jekundu linalong'aa, na nyie mnajua kumfunulia mkwe sinia tupu ni kumwambia hatakiwi. Mzee mmoja wao akakohoa. Baba mkubwa akabaki ameshikilia kawa juu, mdomo wazi, na ndipo mimi kutoka kwenye pazia nikaona tumboni mwa kawa, vimening'inia, vyote, kichuguu kizima kimegandamana na ukili, kimeng'ang'ania kama popo. Nikafungua mdomo nimwonye. Nikachelewa. Kichuguu kikajiachia chenyewe, kikaanguka, paaa, mapajani mwa Bi Mwanahamisi.

Nitasema haki, yule mama ana adabu. Hakupiga kelele. Alilitazama lile bonge lililokaa juu ya kanga yake, akatazama watu, akasema, "Vimenijia vyenyewe," na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutafuta pa kujificha. Mama akaomba radhi mara ngapi sijui, akaleta kisu, akabandua kisheti kimoja kwa nguvu, mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Bonge zima akalirudisha kwenye sinia, na sehemu ya kanga ikataka kwenda nalo. Shangazi akapokea kisheti chake. Akakitia chote mdomoni. Akatafuna mara moja.

Na taya zikakataa kufunguka.

Sote tulikuwa tunasubiri neno. Tatu nyuma ya pazia alikuwa anasema "kitamu, kitamu, kitamu" kwa pumzi, kama dua. Bi Mwanahamisi alikuwa anatazama mbele, kimya, mashavu yanachezacheza, na macho yanapanuka taratibu. Baba mkubwa akasubiri kwa heshima. Akasubiri tena. "Karibu, Bi Mwanahamisi, useme," akasema. Shangazi akajibu "Mmmh." Akajaribu tena, "Mmm-mmmh!" na akaanza kupunga mkono.

Hapo yule shemeji yake akaruka. "Wamemfunga mdomo! Yallah, wamemfunga mdomo shangazi!"

Sasa hili halihitaji maelezo kwa watu wa kwetu, lakini kama wewe ni mgeni ni hivi: husemwa kuna dawa, mtu akitaka mkwe mkali asimpinge humtilia kwenye chakula, na mkwe mdomo unafungwa asiseme hapana. Mimi siiamini. Lakini hebu jiweke mahali pao! Shangazi mkali, asiyeitaka ndoa, anakula kitu kimoja alichopikiwa na mwali, kitu chenyewe kinang'aa ajabu na kina mistari myekundu, na papo hapo mdomo unafungwa. Hata mimi ningekimbia.

"Sisi ni wachawi?" baba mkubwa akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, na tunaomjua tunajua kwamba ndogo ndiyo mbaya. Mzee mmoja wa Rutamba alikuwa amekwisha kusimama anatafuta viatu. Mama ameshika kisu, akidhani anasaidia. Nyuma yangu Tatu akaachia mkono wangu. Aliuachia tu, na mimi nikajua kwamba akili yake imeshafika pale nilipokuwa naogopa ifike.

Nikalipasua pazia nikatoka. "Si uchawi!" nikapaza sauti. "Ni mimi! Nilitia ndimu! Nilikuwa nafanya jaribio!"

Ewe msomaji, ukiwa mbele ya watu wanaodhani mmemlisha shangazi yao dawa, neno jaribio usiliseme.

"Jaribio juu ya nani?" akauliza yule shemeji.

Na badala ya kusema samahani, maji ya moto haya hapa, nikafundisha. Sijui nini kilinipata. Nikachuchumaa mbele ya sinia, nikachora umbo la pembe sita kwa kidole kwenye lile duara la shira, nikaanza, "Hiki ni kiini, sasa kwenye kompyuta yangu ganda linaota hivi, kuna atomu mvivu na atomu mtembezi," nikawaeleza kwamba sukari isiyotiwa ndimu inajipanga upesi ikawa chembe kavu, ikitiwa ndimu inashindwa kujipanga, inabaki ulimbo, na kwamba wala hakuna ubaya, "na mkitazama hapa pembeni mtaona wekundu umejikusanya," na mimi mwenyewe nikatazama pale nilipokuwa nawaonyesha.

Nikaona. Kisheti kimoja kilikuwa kimekatika na kisu cha mama, kimekatika vizuri, na kwa kuwa ganda lilikuwa angavu ulionekana mkato wake wote. Ile pembe haikuwa mstari. Siku zote kwenye programu yangu nilikuwa nimeiandika pembe kama mahali ambapo nyuso mbili zinakutana na kwisha, kitu kisicho na upana. Hapa ilikuwa na upana wake. Ilikuwa uso wa tatu, mwembamba, uliobanwa kati ya nyuso mbili pana, na wekundu ulikuwa umekaa juu ya uso huo, umeganda wima kutoka ndani mpaka nje kama utepe. Pembe zangu zilikuwa hazifanyi kitu kwa sababu sikuwa nimezipa mahali pa kufanyia! Atomu mtembezi akifika kwenye uso mwembamba kama ule hakai, anapita zake, anamwacha mvivu peke yake, na wavivu wanazidi kulundikana pale ganda linavyonenepa. Kama ni kweli, basi ni jambo la kuongeza nyuso sita nyembamba, basi, kitu kidogo kabisa.

"Subirini kidogo," nikawaambia wakwe zetu, "nuru haitoshi," nikatoa simu, nikawasha taa yake, nikapiga picha. Nikapiga nyingine kwa karibu. Nikamwambia mzee wa Rutamba, aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni, asogee kidogo asinizibie.

"Dada."

Tatu alikuwa ametoka. Mwali, kabla posa haijapokewa, amesimama ukumbini mbele ya wazee, wanja umemtiririka mpaka kidevuni.

"Dada, mimi nalia, wewe unapiga picha sukari?"

Nilikuwa bado nimeishika simu karibu na kisheti. Nikatamani sakafu inimeze, na mjue kwamba nasema hivi nikikumbuka kila uso uliokuwepo. Maana ndiyo, ndicho nilichokuwa nafanya.

Aliyetuokoa ni mama. Wakati mimi nafundisha na wanaume wanapandishana sauti, yeye alikuwa ameleta chai ya tangawizi ya moto, amepiga goti karibu na Bi Mwanahamisi, anamnywesha kidogo kidogo kwa kikombe, anamsugua mashavu kwa kiganja, anamwambia "polepole dada yangu, polepole." Na sote tulipokuwa tunamtazama Tatu, tukasikia kitu kama kizibo kinachochomoka, na Bi Mwanahamisi akavuta pumzi ndefu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, kuhakikisha.

"Nani kapika?" akauliza.

"Mimi, mama," nikasema. "Visheti kavikanda na kuvikaanga yeye, shira nimepika mimi. Hajui lolote kuhusu ndimu. Kosa ni langu peke yangu."

"Wewe siye mwali?"

"Hapana. Mimi ni dada yake."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanahamisi, na alilisema kutoka moyoni kabisa, kama mtu aliyeponea chupuchupu, mpaka baba mkubwa ambaye bado alikuwa amekasirika akaangua kicheko, na mzee wa Rutamba akacheka, akaketi, na kiatu chake kimoja.

Lakini shangazi hakuwa amemaliza nami. Akaniashiria nisogee. "Hicho kitu chako cha kompyuta," akaniuliza, "kilisema visheti vitakuwa hivi?"

"Hapana. Mimi nilidhani vitakauka."

"Na pembe?"

"Na pembe pia nilikuwa nimezikosea."

Akatikisa kichwa. Akakiokota kile kisheti kilichokatika, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda, kwa jicho moja, kisha jingine, akasema taratibu, "Ila ni kweli pana utepe." Kisha akakirudisha kwenye sinia mbali kabisa na mdomo wake, akamgeukia Tatu, akamtazama pale alipo, wanja mashavuni, kilemba kimemlegea, akamwambia aje akae karibu yake. Tatu akaketi. Bi Mwanahamisi akachukua pembe ya kanga yake mwenyewe, ile isiyokuwa na shira, akamfuta machozi. "Mtoto huyu anamlilia Yusufu wangu hivi, mimi nimwambie nini?" akawauliza wazee wake. Halafu akawatazama watu wa kwetu, akasema, "Kitamu."

Posa ikapokewa. Mengine yakaenda kama yanavyokwenda.

Ningependa kusema kwamba jioni tulicheka pamoja, mimi na mdogo wangu. Hatukucheka. Alivua nguo zake nzuri, akazikunja, akaniambia bila ugomvi wowote, "Ungeharibu kwa bahati mbaya ningesahau leo leo. Ila ulipokuwa umekwisha kuharibu, hukuniangalia hata mara moja." Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na najua alinisamehe, lakini akazima taa akageukia ukutani.

Nilirudi Dar es Salaam na zile picha. Nikaongeza nyuso sita nyembamba kwenye programu, nikaiacha iende, na mistari ikaotea pale ilipotakiwa kuotea, nikakaa naitazama kwenye kioo sijui nifurahi au nilie. Mwalimu wangu alifurahi sana. Akaniuliza wazo hilo nimelipata wapi. Nikamwambia nyumbani. Akadhani natania.

Harusi ni baada ya mfungo. Juzi mama alinipigia kuniambia kazi zimegawanywa, nani atapika pilau, nani atampamba bibi harusi, nani atabeba visheti (binamu yetu, na wala sikuuliza). Nikauliza mimi nimepangiwa nini.

"Wewe utakuwa mlangoni."

"Napokea wageni?"

"Unapokea viatu vyao," mama akasema, na nyuma yake nikamsikia Tatu anadai simu, akaipata, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikasikia kicheko kikimpita puani. "Dada, uvilinde tu," akaniambia. "Nakuomba usivichunguze."

Nimeapa. Nitakaa pale kwenye mkeka, simu nimeizima, na hata nikiona chini ya soli ya mtu kitu cha ajabu namna gani nitafumba macho (nitajitahidi). Mabibi harusi wote wa kwetu hulia wakitolewa nyumbani, na Tatu atalia, namjua. Safari hii atanikuta namtazama yeye.